Mguu wa Mkunga

Mtaani walimwita Fundi Miguu, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani jamaa anatengeneza miguu ya meza. Mwenyewe alikuwa akicheka. "Ya kwangu inatembea," angesema.

Na kweli ilitembea. Kwa miaka kumi na tisa, katika karakana iliyojificha nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia mashuka, alikuwa ametengeneza miguu ya bandia kwa watu wa kila aina. Kulikuwa na dereva wa lori aliyerudi kwenye usukani. Kulikuwa na msichana aliyerudi golini, akadaka penalti. Kulikuwa na mzee mmoja mbishi aliyedai mguu mpya uwe na kovu mahali palepale ulipokuwa na kovu ule wa zamani, na fundi, badala ya kumwona mzee amechanganyikiwa, akaketi akamchorea kovu lake kwa uangalifu wote.

Alikuwa na jicho la kazi. Mtu akiingia tu na kukaa kwenye benchi, fundi alishajua wapi patamsugua na wapi patamwelemea. Asubuhi alitoka nyumbani mapema bila kusukumwa na mtu, kwa sababu kuna jambo la goti fulani lilimjia akiwa anaoga na hakuweza kulisubirisha. Jioni alirudi na unga wa plasta kwenye nyusi, na mkewe alimwambia amezeeka tangu asubuhi.

Kisha mgongo ukamharibikia. Alikuwa ananyanyua gunia la plasta, kazi aliyoifanya mara mia, akasikia kitu kimekatika kiunoni kama kamba. Vidonge alivyopewa vilimchoma tumbo. Ndipo dereva wa gari la wagonjwa, rafiki yake wa kupiga soga, alipomvuta pembeni akamwekea mkononi kijikaratasi kilichosokotwa.

"Jani tu hilo, kaka. Mgongo wenyewe utakuamkia shikamoo."

Ilikuwa bangi. Alivuta nyuma ya stoo, akakohoa mpaka machozi, na baada ya muda maumivu yakawa kama redio inayolia kwa jirani: unaisikia, lakini haikuhusu. Alirudi mezani akashika msasa na kulainisha kikombe cha mguu, ile sehemu inayomeza kigutu, saa mbili nzima, kwa raha kama mtu anayesikiliza muziki. Jioni ile alijiambia kwamba jani linamsaidia kazi. Neno hilo alilishika vizuri sana, maana alikuja kulihitaji.

Mgongo ulipona baada ya miezi miwili. Bangi haikuondoka. Kwanza ilikuwa ya siku za mapumziko, ikawa ya baada ya chakula cha mchana, ikawa ya kabla ya kufungua mlango wa karakana.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu wote walikuwa na picha nyingine vichwani. Mvuta bangi waliyeonywa shuleni alikuwa na macho mekundu, anaongea na ukuta, anarushia watu mawe. Fundi hakurusha jiwe. Hakuiba, hakugombana, hakuvunja hata kikombe cha chai. Alizidi kuwa mpole. Kilichoondoka ni ile hamu, na hamu haiagi ikiondoka. Alikaa mbele ya sanamu ya plasta, nakala ya kigutu cha mgonjwa, akijua kila hatua inayotakiwa, ya kwanza mpaka ya mwisho, lakini aliitazama kama mtu anayetazama kazi ya wengine kupitia dirishani. Hakuichukia wala hakuikataa. Alikaa tu. Halafu alisema, "Kesho," na kila alipolitamka neno hilo alijisikia ametimiza wajibu.

Mwenzake wa karakana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Dada Tupa kwa jinsi alivyopenda kusugua kwa tupa, alianza kuchukua wagonjwa wake mmoja mmoja bila kusema kitu. Wote walikubali kuhamishwa isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa mkunga. Mama wa miaka sitini na kitu, mnene kiasi, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Nusu ya watu wa mitaa ile walipitia mikononi mwake kabla hawajafungua macho. Alikuja kwa magongo, akakaa, akamwangalia fundi kwa makini kama anayepima njia ya uzazi.

"Binti yangu ana mimba ya miezi mitatu," alisema. "Ya kwanza. Nataka kumpokea mjukuu wangu mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama. Kwa haya magongo mikono yote imeshikwa. Mtoto nitamdaka kwa meno?"

Fundi alicheka, na kwa siku ile moja kitu fulani kiliamka moyoni mwake. Alimfunga bandeji za plasta mwenyewe, akapapasa mfupa kwa vidole viwili, akachukua kipimo kizuri ambacho hata Dada Tupa alikisifu.

"Nipe wiki sita, mama."

"Wewe ndiye niliyeambiwa nikutafute," mkunga alisema. "Nakuaminia, mwanangu."

Wiki sita zilipokwisha, sanamu ya kigutu chake ilikuwa rafuni, haijaguswa. Fundi alimwambia mabamba ya plastiki hayajafika. Siku hiyo lilikuwa neno la kweli. Wiki mbili baadaye mabamba yalifika, yakaegemezwa nyuma ya kabati, naye akaendelea kumwambia hayajafika. Mkunga alikuja kila Jumanne. Alipanda ngazi tatu za karakana akihema, akakaa, akauliza, akajibiwa, akashuka. Na katika Jumanne moja, alipoona mama yule amefungua mdomo kuuliza tena, fundi alisikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Nisamehe, mama. Nyumbani nina mgonjwa. Mke wangu, kifua. Hali si nzuri."

Hakuwa amepanga. Uongo ulitoka mzima mzima, una viatu na kofia. Uso wa mkunga ukalegea kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Kumbe unabeba yote hayo na sisi tunakusumbua na miguu yetu. Muuguze mkeo kwanza."

Akaacha kuja. Fundi alijisikia ameshushiwa mzigo, akaenda nyuma ya stoo.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja ya siku ya kazi alikuwa amelala chumbani kwake, ghorofa ya pili. Hakuwa mgonjwa wala hakuomba ruhusa. Hakwenda tu. Alikuwa amevuta bangi dirishani, na sasa alitazama dari, ambako rangi ilibanduka kwa umbo la kisiwa. Upande wa pili wa pazia lililogawa chumba, mkewe alikuwa anafua kwenye beseni.

Ndipo aliposikia ngazi. Gongo, gongo, mguu. Kimya. Gongo, gongo, mguu. Sikio lake la kazi lilisoma kabla akili haijafika: magongo mawili, mguu wa kulia pekee, mtu mzima, mzito, amechoka. Ngazi za jengo lile zilikuwa thelathini na mbili. Alijua ni nani kabla hajafika ya kumi, na alikuwa na muda wote duniani wa kuinuka. Hakuinuka.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama," mkewe alijibu. "Shikamoo."

"Marahaba, binti. Naulizia kwa Fundi Miguu. Nimekuja kumjulia hali mkewe, yule anayeumwa kifua."

Maji yaliacha kuchuruzika kwenye beseni. Fundi alishika ukingo wa godoro.

"Ni mimi, mama," mkewe alisema.

"Wewe?"

"Ni mimi. Nimepata... nimepata nafuu."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mkewe akidanganya, na sasa alijua jinsi sauti yake inavyokuwa akifanya hivyo: nyembamba, ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Na alikuwa anadanganya kwa ajili yake.

Kiti kililia, mkunga akakaa.

"Namshukuru Mungu," alisema hatimaye. "Nimekuletea asali na ndimu. Hata kama umeshapona, weka, kifua hakikosi siku. Na mwambie fundi asikimbizane tena na mguu wangu. Mjukuu ameshafika. Wiki iliyopita, msichana."

"Hongera sana, mama. Ulimpokea wewe?"

"Nilikaa kwenye kiti ukutani, nikawa nafundisha kwa mdomo kama mwamuzi wa mpira. Sukuma, pumua, geuza bega. Aliyemshika alikuwa mkunga wa juzi tu, ananiangalia mdomo kila hatua." Alicheka kidogo, halafu kicheko hakikuendelea. "Basi. Kafika salama, ndilo kubwa."

Alipoinuka kuondoka, fundi alijua wajibu wake ni nini. Mtu wa mguu mmoja akishuka ngazi anahitaji mtu wa kutangulia mbele yake, ngazi moja chini, mkono tayari. Jambo hilo alilifundisha kwa jamaa za wagonjwa kila wiki. Alilala akamsikiliza mkewe akilifanya bila kufundishwa, na magongo yakishuka, yakipumzika, yakishuka tena, mpaka chini.

Mkewe aliporudi alifungua pazia. Mikono yake ilikuwa bado na mapovu ya sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Nilikuwa naumwa kifua tangu lini?" aliuliza.

"Miezi... kama miwili."

"Niliwahi kulazwa?"

Fundi alivuta shuka mpaka kifuani.

"Niambie, nijue. Nikikutana na watu sokoni nisije nikakosea."

Kisha akalifunga pazia, akarudi kwenye beseni, na sauti ya kufua ikaanza upya.

Kesho yake fundi alifika karakanani kabla ya mtu yeyote. Aliitafuta rafuni sanamu ya kigutu cha mkunga akaikuta imevikwa aproni. Mtu alikuwa ameigeuza kiango cha nguo, na hakuna wa kumlaumu, maana ilikuwa haifanyi kazi nyingine. Vumbi limejaa kwenye alama zake za kalamu. Alipofika mkuu wa karakana, mwanamume wa maneno machache, fundi alimwambia yote akiwa amesimama, akiangalia viatu. Mkuu alisikiliza, akaandika barua fupi ya kumpeleka kwa muuguzi wa kliniki ya jengo la mbele, akasema, "Kazi yako ipo. Lakini ukivuta usishike mashine."

Muuguzi alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kama kumi, na hilo nalo lilimtia haya.

"Unavuta mara ngapi kwa siku, kaka?"

"Moja moja tu."

"Hizo moja zikijumlishwa zinakuwa ngapi?"

Zilikuwa nne, wakati mwingine tano. Alimweleza kwamba hachukii kazi, ila haimwiti tena. Muuguzi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasikia hayo jana.

"Ukimaliza mguu, mtu akatembea, ndani yako unapata raha, si ndiyo? Raha hiyo ndiyo inayokutoa kitandani siku inayofuata. Sasa wewe unajipa raha saa moja asubuhi kabla hujashika chochote. Mwili utahangaika wa nini? Si wote inawapata hivyo, lakini kwako ndivyo ninavyoona. Inaweza kurudi. Ila usitegemee itarudi wiki hii, na usiisubiri irudi ndipo uanze kazi. Anza bila hamu."

Aliacha kuvuta siku ileile, akidhani aibu itamsukuma. Aliwaza kwamba mtu aliyeaibika kiasi kile hawezi kurudia. Kumbe aibu ilimvuta kulekule: kila alipokumbuka magongo yakishuka ngazi, kitu cha kwanza alichotaka ni moshi, ili asikumbuke. Wiki za mwanzo alitoka jasho shuka likaloa. Chakula kilikuwa na ladha ya plasta. Mlio wa kijiko kwenye sufuria ulimpandisha hasira mpaka akatoka nje kusimama barazani. Siku ya kumi na moja alimfuata dereva wa gari la wagonjwa, akavuta nyuma ya stoo, na alipomaliza akalia pale pale kwenye maboksi matupu. Akaenda kumwambia muuguzi. Muuguzi hakushangaa, akafungua ukurasa mpya: "Haya, leo siku ya kwanza."

Dada Tupa alimgawia kazi za mwanagenzi. "Leo mikanda mitatu ya kufungia miguu. Pigilia pini zake za chuma, basi. Ukimaliza nenda nyumbani."

"Mitatu tu?"

"Ulikuwa unamaliza mingapi?"

Alipigilia mitatu. Alifanya kama mtu anayekula kwa sababu saa imefika, si kwa sababu ya njaa. Wiki iliyofuata alipewa mitano.

Ilimchukua zaidi ya mwezi kwenda kwa mkunga. Alijua hawezi kutumia kipimo cha zamani. Kigutu husinyaa, na mguu wa kipimo kile ungempwaya. Alimkuta ameketi kibarazani, mtoto amelala mapajani kwake, magongo yameegemezwa ukutani. Fundi hakukaa mpaka alipoambiwa akae.

"Mkeo hakuwa anaumwa," mkunga alisema, kabla ya lolote.

"Hapana, mama."

"Nilijua palepale mlangoni. Mwanamke anayeumwa kifua hafui mablanketi mawili. Nani alikuwa anaumwa?"

"Hakuna, mama. Mimi nilikuwa navuta bangi. Nilikuwa nakaa tu. Mguu wako ungekuwa tayari kabla ya mtoto kuzaliwa, miezi kabla. Vifaa vilikuwepo. Vilikuwa nyuma ya kabati."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa ameyapanga hata matusi yenyewe, na majibu yake ya unyenyekevu. Mkunga aliweka sawa kofia ya mtoto.

"Nilikuwa namwombea," alisema taratibu. "Mkeo. Kila siku. Magongo yakinichubua kwapani nasema, afadhali mimi, mwenzangu ana mgonjwa ndani. Unajua mtu anavyojiona mjinga?"

Fundi alishindwa kuinua uso. Aliona vidole vya mguu mmoja wa mkunga kwenye ndala, vimevimba kidogo kwa kubeba kazi ya miwili, na aliona wazi, kwa jicho lile lile la kazi, kile ambacho miezi yote ile ya kusimama upande mmoja imefanya kwenye nyonga yake.

"Nisamehe, mama."

"Hilo la kusamehe tuliache, sijafika huko. Mguu nautaka. Huyu ataanza kutambaa, nani atamkimbiza? Lakini wa kunipima na kunivalisha atakuwa yule dada mwenye makelele. Wewe tengeneza."

"Sawa, mama."

Ikawa hivyo. Dada Tupa alichukua kipimo kipya. Fundi alimwaga plasta, akachonga sanamu, akapasha moto bamba la plastiki kwenye oveni mpaka likalegea, akalivika. Alikuwa polepole mno. Mara mbili alikosea ukingo wa nyuma ya goti, akarudia. Hakuna siku aliyoamka na shauku. Siku ya nne ya kusugua kwa msasa alinyanyua kichwa akakuta wenzake wameshakula na kurudi, na yeye hakuwa ameitazama saa. Hakumwambia mtu. Hakuamini kwamba hamu imerudi.

Siku ya kuvalisha alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwenye mashine ya kusaga iliyozimwa, na kusikiliza. Alimsikia mkunga akisimama katikati ya vyuma viwili vya kujishikilia. Hatua moja ya kisigino kizito, moja ya kisigino kigeni. Tena. Na tena, mpaka mwisho wa vyuma, na kugeuka.

"Panabana?" sauti ya Dada Tupa.

"Hapabani," mkunga alijibu. "Mwambie aliyetengeneza kwamba hapabani."

Dada Tupa hakuwa na haja ya kumwambia. Fundi alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye chuma baridi cha mashine. Miaka yote aliyofanya kazi ile, hatua za kwanza za mgonjwa zilikuwa ndiyo sherehe yake. Safari hii alizihesabu, na kila aliyoihesabu ilikuwa hatua ambayo ingepaswa kupigwa miezi kabla, katika chumba kingine, mbele ya mtoto anayezaliwa.

Sasa ni mwaka na ushei. Amevuta mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili alikwenda kusema mwenyewe. Hamu imerudi kidogo, si kama zamani; kuna asubuhi anatoka nyumbani kwa kupenda na kuna asubuhi anajisukuma. Mkewe ameanza tena kumtania, lakini jirani akimuuliza habari za kifua, maana uongo ule ulisambaa, hujibu kwamba amepona, na fundi akiwa karibu huangalia pembeni.

Mkunga huja kila baada ya miezi mitatu kurekebishiwa mguu. Juzi Dada Tupa alikuwa likizo. Mama yule alisimama mlangoni, akatazama karakana nzima kama anatafuta mtu mwingine, kisha akaja akakaa kwenye benchi la fundi na kunyoosha mguu.

"Panasugua hapa, fundi," alisema. Zamani alikuwa akimwita mwanangu.

Fundi alipiga magoti, akafungua mkanda, akapapasa ukingo kwa kidole gumba. Paliinuka kidogo, unene wa kucha tu.

"Nitapalainisha sasa hivi, mama. Ni dakika kumi."

"Nasubiri hapa hapa," mkunga alisema, akaiangalia saa ya ukutani.

Akalainisha kwa dakika nane.